Tukaushe Maembe Kabla Hayajaoza

Mazungumzo ya afisa wa lishe kwa vikundi vya akina mama na vijana, Wadi ya Kanyangi

 

Msimu wa maembe umefika. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini yetu huoza kila mwaka chini ya mwembe. Dalali huja na bei yake, na asipokuja embe huwa la mbuzi na inzi. Kisha wiki ya Krismasi tunatoa pesa dukani kununua peremende, biskuti na soda za watoto na za wageni wanaotoka Nairobi na Mombasa. Ifikapo Agosti, mtoto yule yule hana tunda lolote la kula.

Ng'ambo ya Mto Athi, wenzetu wa Makueni wana kiwanda cha Kalamba kinachotengeneza rojo ya maembe. Lakini ndoo moja ya maembe ya nyumbani haihitaji kiwanda. Inahitaji kisu kikali, maji safi, jua na uangalifu.

Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Ngowe na Apple yanafaa kwa sababu hayana nyuzi nyingi. Lenye funza au lililooza upande mmoja, weka kando. Nawa mikono kwa sabuni, osha maembe, menya, kisha kata vipande vyembamba vinavyolingana, unene wa kalamu ya shule. Vikitofautiana, vyembamba vitakauka na vinene vitabaki na maji ndani. Kamua malimau mawili katika lita moja ya maji, loweka vipande kwa dakika 10, uchuje. Limau huzuia vipande kuwa vyeusi. Usiongeze sukari; embe lina yake.

Tengeneza fremu ya mbao, uitandike neti safi ya plastiki, uiweke juu ya meza mahali penye upepo, mbali na barabara ya vumbi na boma la mifugo. Panga vipande visigusane. Funika kwa neti nyingine kuzuia inzi, na juu yake leso safi nyepesi, kwa maana jua kali la moja kwa moja hupunguza vitamini A. Nawasihi, msitumie chandarua cha kitandani. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo si chakula.

Geuza vipande mara mbili kwa siku. Jioni ingiza fremu nyumbani kabla ya umande. Kwa jua zuri, kazi itachukua siku mbili hadi tatu. Lakini huu ni msimu wa mvua za vuli, kwa hivyo anza siku ambayo asubuhi yake haina mawingu, na anza na kidogo. Mvua ikishika siku ya kwanza, usingoje: pika vipande hivyo viwe jemu, au vilete mezani vikaliwe.

Utajuaje vimekauka? Kunja kipande. Kijikunje kama ngozi laini, kisivunjike, na ukikibinya kisitoe maji. Vijaze kwenye chupa ya kioo hadi robo tatu, uifunge, uitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona matone ndani ya kioo, rudisha vipande kwenye jua. Kilo 10 za maembe zitakupa takriban kilo moja, basi usishangae ndoo ikiwa chupa chache tu.

Kwa nini nasisitiza ukavu? Sisi watu wa Kitui na Makueni hatuhitaji kufundishwa na mgeni. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliingia sumu ya aflatoksini. Watu 317 waliugua, wengi wao katika eneo hili la Ukambani, na 125 wakafa. Tunda pia hushika ukungu, na ukungu mwingine hutoa sumu isiyotoka kwa kuosha wala kwa kupika. Ukiona ukungu kwenye kipande kimoja, tupa chupa nzima. Usiwape kuku.

Sasa tuje kwenye utamu wa sikukuu. Kata vipande vidogo, changanya na njugu karanga zilizokaangwa bila mafuta na ufuta kidogo. Mgeni akipewa sahani hiyo na chai hataulizia biskuti. Katia vipande kwenye uji wa mtoto au kwenye unga wa mandazi, upunguze sukari. Ndizi na papai hukaushwa kwa njia hii hii. Na msisahau mbuyu: unga wake mkavu uko tayari ndani ya kibuyu. Watoto wetu hununua mabuyu yenye rangi na sukari nyingi, na miti yenyewe imesimama huku kwetu.

Hata hivyo, tunda kavu ni tamu kwa sababu sukari yake imekusanyika. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Mwenye ugonjwa wa kisukari ale kidogo sana, baada ya kushauriana na kliniki. Mtoto mdogo alowekewe kwanza, asije akapaliwa. Njugu apewe zilizosagwa. Kila mtu asukutue mdomo kwa maji baadaye.

Anayetaka kuuza atahitaji kibali cha afya ya umma na alama ya ubora ya KEBS. Muulizeni afisa wa ugani wa wadi kabla ya kununua vifungashio. Mwaka huu, kila nyumba ijaribu maembe kumi tu. Yakifaulu, ongezeni.

 Sasa nipeni maswali.