Neno kwa Vijana: Nidhamu ya Kwaya na Kazi

Sisi wa kundi la kwanza tumeombwa tuzungumze na vijana juu ya kufanikiwa katika maisha na kazi. Tutasema kupitia kile tunachokijua, yaani kwaya.

Vijana wakituuliza siri ya kufanikiwa, wengi hutarajia tutaje mtaji, cheti, au mkubwa fulani wa kuwashika mkono. Vyote hivyo vinasaidia, hatutawadanganya. Lakini angalieni mazoezi. Saa kumi na moja jioni, joto la Garissa halijapungua, feni haifikii sauti ya nne, na mwalimu anawarudisha mstari uleule mara ya kumi. Anayejifunza kusoma solfa hutaabika miezi kadhaa, kisha wimbo wowote mpya anausoma mwenyewe. Anayemfuata jirani kwa sikio huimba vizuri mpaka siku jirani asipokuja.

Kazini ni vivyo hivyo. Mwenzetu mmoja ni fundi wa pikipiki. Kila pikipiki anayoitengeneza anaiandika katika daftari: tarehe, kilichoharibika, alichobadilisha. Wateja wake walimcheka mwanzoni. Siku hizi wao ndio wanaomwambia, "Hebu fungua daftari uone."

Sasa tuseme juu ya mji wetu. Wengi wetu tuliletwa hapa na barua ya kazi: walimu, wauguzi, askari, makarani. Watu wa namna yetu tuna ugonjwa mmoja, kuishi na begi mlangoni. Mtu anasubiri uhamisho miaka saba. Hajanunua kitanda cha maana, hajajua Kisomali zaidi ya "nabad", masomo ataanza akihamishwa, akiba ataweka akifika kwao. Miaka hiyo saba mwajiri hatamrudishia.

Hatusemi hivi kwa wepesi. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa wakati wa ibada. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, walimu wakiwa miongoni mwao, na walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi wakakataa kurudi kazini. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu chetu. Walioondoka hatuwalaumu hata kidogo. Mzazi ana haki ya kuwatunza watoto wake. Tunasema tu kwamba anayebaki na abaki mzima, moyo na mikono.

Tena mkumbukeni mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, Mwislamu. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lao lilivamiwa karibu na El Wak, na Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Mbele ya bunduki hakuna nafasi ya kufanya mazoezi. Tunaamini alichotenda siku ile kilikuwa kimejengeka ndani yake zamani, katika mambo madogo ambayo hakuna gazeti lililoyaandika. Ndiyo maana tunawasumbua kwa mambo madogo: kufika mapema, kurudisha deni la shilingi mia, kumsalimu jirani kwa lugha yake, kukamilisha ripoti ambayo hakuna atakayeikagua.

Kuanzia Jumanne ijayo daftari la mahudhurio litashikwa na vijana wenyewe, na saa kumi na moja itakuwa saa kumi na moja, hata kwetu sisi wazee. Njooni na penseli. Sauti ya tatu ina upungufu wa watu wawili.