Kiwanja cha Kazi Ndogo na Tanuru la Jirani

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi waliokutana Misima, wilayani Handeni. Yanachapishwa hapa kwa faida ya vyama vingine.



Mmezoea kuniona nikiwa na vitabu vya hesabu mkononi, nikiuliza habari za stakabadhi na mizania. Leo sitauliza habari za fedha. Nataka tuzungumze juu ya kiwanja ambacho chama kimekipata kwa ajili ya kazi ndogo: ghala, mashine ya kukoboa mahindi, kinu cha kukamua ufuta au alizeti, karakana ya seremala. Tangu barabara ya Korogwe hadi Handeni iwekwe lami, viwanja vya namna hii vinatamaniwa, na wenye mitaji wanakuja kupiga hodi. Swali langu ni hili: je, kila apigaye hodi akaribishwe ndani?

Wengi wetu hudhani kwamba tofauti kati ya kiwanda chepesi na kiwanda kizito ni ukubwa wa jengo au wingi wa wafanyakazi. Sivyo. Karakana ya ushonaji yenye cherehani mia moja ni kazi nyepesi. Tanuru moja la kuyeyushia betri chakavu, lenye vijana watano tu, ni kazi nzito. Kinachopimwa ni kile kinachotoka: moshi, vumbi, maji machafu, kelele, na hatari ya moto au sumu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilipoundwa mwaka 1973 na kuanza kujenga mitaa ya viwanda mikoani, shabaha ilikuwa mafundi wa kazi mbalimbali wafanye kazi ukuta kwa ukuta bila kudhuriana. Kiwanda cha saruji cha Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1980, kiliwekwa Pongwe, karibu na mawe ya chokaa na nje ya mji. Kila kazi ina mahali pake.

Sasa niruhusuni nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika wilaya nyingine, nilikagua chama kimoja cha msingi ambacho kilikuwa kimempangisha mtu nusu ya kiwanja chake. Muhtasari wa kikao ulikuwa na mistari mitatu: mpangaji ameomba mahali pa kuhifadhi vyuma chakavu, kamati imekubali, kodi italipwa kila mwezi. Nikatazama kodi. Ilikuwa imeingizwa vitabuni bila kupungua hata shilingi. Nikatia sahihi, nikamsifu katibu, nikaondoka. Sikutoka nje kuzunguka nyuma ya ghala.

Laiti ningalizunguka, ningaliona tanuru. Betri zilikuwa zikipasuliwa, tindikali ikimwagwa chini, na risasi ikiyeyushwa usiku. Kina mama waliacha kuleta mahindi yao kwenye mashine ya chama, kwa kuwa unga ulinuka moshi. Mnunuzi wa mazao akakataa kuweka magunia ghalani. Mwisho mpangaji aliondoka bila kuaga, akauachia ushirika udongo mweusi usioota hata jani. Kodi ya miezi yote ile haikutosha kulipia mashine iliyokaa bila kazi. Vitabu vilikuwa safi, lakini chama kilikuwa kimepata hasara, na mimi mkaguzi nilikuwa nimeitilia sahihi.

Tusidhani kuwa hayo ni mambo madogo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007, ukutani kabisa mwa makazi ya watu wapatao 3,000. Mwaka 2009 kiliajiri mama mmoja, Phyllis Omido, na kazi yake ya kwanza ilihusu taarifa ya athari za mazingira. Ushauri uliotolewa ulikuwa kiwanda kihamishwe. Haukufuatwa. Baadaye mtoto wake mchanga aligunduliwa kuwa na risasi katika damu. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na wataalamu wa afya hawajui kiasi chake chochote kilicho salama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama iliamuru wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikawatia hatiani wenye kiwanda pamoja na idara za serikali zilizopaswa kukisimamia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabuni wenyewe: miaka saba ya moshi, na miaka kumi zaidi ya kutafuta haki. Kumzuia mtu asijenge mahali pasipofaa kungalichukua kikao kimoja.

Ndugu zangu, sheria zetu zinatupa nafasi ya kikao hicho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria Na. 6 ya 2007 inataka kuwepo mpango wa matumizi ya ardhi, na mijini matumizi ya kiwanja hayabadilishwi bila kibali cha mamlaka ya mipango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari ifanywe kabla ya kazi kuanza, si baada ya moshi kuonekana. Na ndani ya chama, mamlaka ya juu ni mkutano mkuu wa wanachama, si kamati, wala si katibu.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, mpangaji akija, muulize maneno haya na uyaandike katika muhtasari. Ataingiza nini, na kitatoka nini? Maji machafu yatakwenda wapi? Ana vibali gani, na nakala zake ziko wapi? Akiondoka, nani atasafisha? Kisha mkataba uitaje kazi yenyewe, na utamke kwamba akiibadili, mkataba umekwisha. Hapa kwetu Handeni, ambako maji ni ya shida na wengi hutegemea malambo, swali la maji lisirukwe hata siku moja.

Sisemi tuvikatae viwanda. Vijana wetu wanahitaji kazi, na mkulima anahitaji mahali pa kusindika mazao yake. Nasema tusiuze kazi za watu wengi kwa kodi ya mtu mmoja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Nami kwa upande wangu nimejiwekea kanuni. Siku hizi, kabla sijafungua kitabu cha fedha, huomba kwanza nitembezwe kiwanjani, mbele na nyuma. Nikifika kwenu, msishangae.