Nusu ya Lugha Tuliyoiacha

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi askari wa jeshi na polisi mnaotusikiliza makambini na vituoni, mazungumzo yetu ya leo baada ya habari yanahusu lugha ambayo wengi wenu mnaijua kazini kuliko nyumbani, yaani Kiswahili.

Jumamosi moja nilikuwa Kibagabaga, hapa Kigali, karibu na nyumba moja yenye lango kubwa. Mama mmoja mzee alifika na kikapu cha viazi kichwani, amekuja kumtembelea mwanawe. Mlinzi wa lango, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, akamkabili kwa Kiswahili: "Wewe! Simama hapo! Unamtaka nani?" Wote wawili ni Wanyarwanda. Baadaye nilimwuliza kijana yule kwa nini hakusema Kinyarwanda. Akajibu bila kusita: "Kwa Kinyarwanda ingenibidi nimwamkie kwanza."

Jibu hilo, ndugu wasikilizaji, lina mizizi mirefu kuliko umri wa kijana mwenyewe. Richard Kandt alipoanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, serikali ya Wajerumani ilitawala kwa Kiswahili, na waliokisema mbele ya raia walikuwa askari, wakalimani na makarani. Mkulima wa kilimani alikisikia kikimwita kazini, kikimdai kodi, kikimwamuru asimame. Walipoingia Wabelgiji mwaka 1916, wafanyabiashara na Waislamu wa mjini walitengewa makazi yao Biryogo, wakaitwa Waswahili. Hata leo, katika Kinyarwanda, neno "umuswahili" laweza kuwa na maana ya Mwislamu tu, na laweza pia kutamkwa kwa kejeli, likamaanisha mtu mjanja asiyeaminika. Lugha ikatiwa hatiani kwa sababu ya watu waliodhaniwa kuwa wenyewe.

Majirani zetu wa Uganda waliyaona hayo kwa uchungu zaidi. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini raia wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mwenye bunduki. Tangazo la serikali halikuweza kulifuta woga lile. Ni katika Uganda hiyohiyo ambako Wanyarwanda wengi wakimbizi waliingia jeshini baadaye, wakazoea amri za Kiswahili, na vita vilivyoanza Oktoba 1990 vikaja na amri hizo hadi kwetu.

Basi, je, Kiswahili ni lugha ya amri tu? Hasha! Mwenye kukijua tangu utotoni hawezi kumpita mzee bila kusema shikamoo. Huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, hata kabla ya kusema shida iliyomleta. Na wageni wenye haraka hulalamika kwamba salamu hizo hazina mwisho. Sisi tulichukua "simama", "lete", na "haraka", tukaiacha nusu nyingine ufukweni na sokoni. Kijana wa Kibagabaga alidhani amepata lugha isiyo na adabu, kumbe hakufundishwa adabu yake.

Februari 2017 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Ni jambo jema, hasa kwa nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Lakini sheria haifiki pale raia anaposimamishwa usiku, akajaribu kupima kwa sauti ya askari kama yeye ni mwananchi au mshukiwa.

Wenzenu waliokwenda Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Julai 2021 wanaweza kushuhudia. Katika pwani ile, Palma na Mocímboa da Praia, wapo wakazi wanaofahamu Kiswahili, ilhali Kireno hakikuwa lugha ya askari wetu. Huko amri peke yake isingetosha. Mtu aliyerudi kutoka msituni alikojificha huhitaji kwanza kuulizwa hali yake, na ndipo aulizwe aliyoyaona njiani. Lugha ileile ya gwaride ikageuka kuwa lugha ya ujirani, ugenini. Ajabu ni kwamba hapa nyumbani baadhi yetu hatujaigeuza.

Sijawaeleza jinsi mama yule alivyojibu pale langoni. Ujana wake aliumaliza ukimbizini Karagwe, Tanzania, na Kiswahili alikijua kuliko mlinzi. Alitua kikapu chake taratibu, akamtazama kijana usoni, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Kijana aliinamisha macho, akafungua lango, akambebea kikapu hadi mlangoni.