Stesheni ya Voi na Majina Yasiyoandikwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya stesheni ya mji mdogo, nasi tumechagua Voi, katika nchi ya Wataita. Huenda mmoja wenu akauliza, makarani wana haja gani na habari za stesheni? Jawabu tutalitoa mwishoni. Twaomba subira yenu.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ukiisha kuacha minazi ya pwani waingia nyika ya Taru, nchi ya miiba na ukame, ambako hata maji ya wajenzi yalipasa kuletwa kwa gari moshi. Mwisho wa mwaka 1897 reli ilifika Voi, mwendo wa maili 100 hivi, mahali penye mto na milima karibu. Lakini njia ya kwenda bara haikuwa ngeni. Tangu zamani misafara ya pwani ilipita nchi ya Taita kwenda Taveta na Kilimanjaro, wapagazi wakienda na nguo na shanga na kurudi na pembe. Mzigo ulikuwa kichwani pa mtu kabla ya kupandishwa garini.

Wajenzi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba, na 2,500 hivi walikufa kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Simba wawili wa Tsavo, waliowala watu mwaka 1898, wameandikiwa vitabu na kuonyeshwa katika senema. Waliouawa na homa na kuhara walikuwa wengi kuliko walioliwa, wala hakuna aliyewatungia kitabu.

Miaka ya mwanzo gari la abiria lilitoka Mombasa mchana, likafika Voi jioni. Kwa kuwa halikuwa na behewa la kulia, abiria wakubwa walishuka wakala chakula chao katika nyumba ya wasafiri iliyokuwa hapo, kisha wakapanda tena kwenda zao usiku. Hivyo Voi ilijulikana na wageni wengi waliopita, ingawa wachache walitazama mbali kuliko sahani zao. Kazi ya ukarani wa stesheni na simu ilishikwa zaidi na Wahindi. Mwafrika alipewa koleo, mzigo na bendera, na ilimchukua miaka mingi kukifikia kiti na kalamu.

Kisha ikaja Vita ya 1914. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti mwaka ule ule, na vikosi vyao vikawa vikivizia reli na kuilipua. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga tawi la reli kutoka Voi, kupita Mwatate, Bura na Maktau, ili kupeleka jeshi upande wa Kilimanjaro. Mwaka 1916, baada ya mapigano ya Salaita na kurudishwa kwa Taveta, tawi hilo liliunganishwa na reli ya Tanga na Moshi. Stesheni ndogo ikawa njia panda ya nchi mbili.

Hapa ndipo neno letu lilipo. Voi pana makaburi ya vita ile, yenye mawe na majina, nayo yatunzwa vizuri, kama ipasavyo. Lakini jeshi halikwenda kwa gari peke yake. Reli ilipokoma, mzigo ulirudi kichwani pa mtu, na mtu huyo aliitwa Kariakoo. Waliokufa katika kazi ile, wengi kwa maradhi na uchovu, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Sanamu zao zilisimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, lakini sanamu hazina majina yao. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao. Ilipita miaka 100 na zaidi kabla ya kusemwa hivyo.

Baada ya vita tawi lilichukua katani ya Mwatate na Taveta, na abiria waliokwenda kwa ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hata mwaka 1983, na njia panda ikapoteza mkono wake mmoja. Mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya iliyo pana zaidi, na Voi ikapata stesheni mpya; abiria wa Nairobi na Mombasa wakahamia huko, na stesheni ya kale ikawaachia jukwaa lake wanaopita kwa miguu.

Sasa jawabu tuliloahidi. Majina hayapotei kwa kuwa watu walikuwa wanyonge. Hupotea kwa kuwa aliyeshika kalamu hakuona haja ya kuyaandika. Leo kalamu imo mikononi mwetu. Wako wazee waliopeperusha bendera, waliokata tikiti na waliotengeneza njia usiku wa mvua, nao wangali hai katika miji yetu. Twaomba kila mwanachama amwendee mmoja wao, amwamkie kwa adabu, aandike jina lake, jina la baba yake, kazi aliyoifanya na miaka yake, kisha alete karatasi kwa Katibu. Na afisini pia, kibarua ajapo mbele ya meza yako, liandike jina lake kamili kama alitamkavyo mwenyewe. Hiyo ni kazi ndogo, lakini wa Kariakoo hakufanyiwa.