Maji Kando ya Dohani

Ninyi wenye nyumba za mabati huku Vuhovi, sikilizeni. Kwa baridi ya milima hii wengine wamejenga dohani, na mvua inayorudi mwezi wa 8 inaonyesha kosa. Maji yanaangukia maharagwe ya mbegu tuliyoyaweka darini; yakilowa yanaota ukungu, na siku ya kupanda hatuna kitu.

Msipande na simenti mara moja. Kwanza tazameni maji. Yakiwa meusi ya masizi, yameingia kwa kinywa cha dohani: wekeni kifuniko cha bati, moshi utoke pembeni. Yakiwa safi, ngojeni siku ya jua. Mtu mmoja akae darini, mwingine amwage maji juu ya paa polepole, aanze chini ya dohani, kisha ubavuni, mwisho nyuma, upande wa juu. Mara nyingi ni huko nyuma, maana majani ya miti yanaziba na maji yanasimama.

Simenti peke yake hupasuka, kwa kuwa bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, na matofali hayalifuati. Kunjeni bati laini: mbele ya dohani lilalie mabati, nyuma liingie chini ya mabati ya juu. Ukingo wake uingie katika mfereji mliochonga kati ya matofali, ndipo mzibe kwa simenti.