Pensheni ya wazee: hazina au hisani?

Aprili 2016, Zanzibar ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Mpango huo, uitwao Pensheni Jamii, haukumuuliza mzee kama ni maskini, wala kama aliwahi kuajiriwa. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya serikali, si kwa wafadhili.

Mwaka huohuo, shirika la hisani la GiveDirectly lilianza majaribio yake ya kipato cha msingi Kenya. Watu wazima wa vijiji vilivyochaguliwa walianza kutumiwa kwa simu takriban shilingi 2,250 za Kenya kila mwezi. Baadhi ya vijiji viliahidiwa malipo hayo kwa miaka 12.

Shirika huamua upesi, na fedha hufika. Lakini kijiji jirani kilichoachwa kitamlalamikia nani? Mfadhili hapigiwi kura.

Serikali nazo zina kasoro. Wazee walio kwenye mpango wa Inua Jamii nchini Kenya, wanaostahili shilingi 2,000 kwa mwezi, wamewahi kusubiri malipo kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, ucheleweshaji huo huibuliwa bungeni, na waziri hutakiwa kujibu. Kazi iliyo mbele ya wabunge ni kuamua kodi ipi italipia pensheni hizo kadiri idadi ya wazee inavyoongezeka.