Tufungue Simu Tuone Kilichomo

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo hatukuja na mbegu. Tumekuja na simu moja kuukuu ya kugusa kioo na bisibisi ndogo, kwa sababu ya jambo lililotokea katika kikundi kimoja cha akina mama. Simu ya mweka hazina ilianguka majini ikazimika. Wanachama wakaanza kunong'ona ya kwamba pesa za kikundi zimekufa pamoja nayo, na wengine kwamba mama huyo amezila. Basi tutazame pesa hukaa wapi.

Simu hii tumeizima kwanza. Kifuniko cha nyuma kimeshikwa na gundi, kwa hiyo tumekipasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele tuliyoazima kwa msusi, halafu tukapitisha kadi ya plastiki pembeni, polepole. Skrubu hazilingani urefu. Kila moja tumeilaza juu ya karatasi, mahali pale pale ilipotoka, maana ndefu ikiingia tundu la fupi huweza kuharibu bodi.

Hili pande jeusi, kubwa kuliko vyote, ni betri, na waya wake ndio hutolewa kabla ya kugusa kitu kingine. Hapa sikieni vizuri. Ni betri ya lithiamu. Ukiitoboa, ukiipinda au ukiitupa motoni, yaweza kulipuka moto, na moshi wake ni sumu. Ikivimba mpaka kifuniko kiinuke, usiichaji tena hata usiku mmoja, wala usiibonyeze irudi. Mpelekee fundi. Choo cha shimo si mahali pake. (Ndani yake mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani huchimbwa kwa jirani zetu wa Kongo, wengine wakichimba kwa sururu tu.)

Juu ya betri ndiyo bodi kuu. Chini ya vifuniko hivi vya chuma mna ubongo wa simu, na kando yake kumbukumbu, iliyochomelewa moja kwa moja. Picha, namba na majina huwekwa humo. Bodi ikifa, mara nyingi hivyo huenda nayo. Lakini pesa za M-Pesa hazimo humu, wala hazimo ndani ya laini. Zimeandikwa katika kompyuta za kampuni, na laini ni kama ufunguo wa mlango. Yule mama alikwenda na kitambulisho chake, akapewa laini mpya yenye namba ile ile, akakuta pesa zote. Kilichopotea ni orodha ya nani ametoa na nani hajatoa, kwani aliiandika kwenye simu peke yake. Kuitengeneza upya kulichukua mikutano mitatu, na maneno makali yalisemwa. Daftari lile la shilingi chache lingewaokoa.

Huku chini kuna bodi nyingine ndogo, ya tundu la chaji. Katika simu nyingi imetengwa na ile kubwa, hivyo yabadilishwa peke yake kwa bei nafuu. Tena kabla ya kulipa chochote, zima simu umulike tundu lenyewe kwa tochi. Mara nyingi ni vumbi na nyuzi za mfukoni, zinazotoka kwa kijiti kikavu cha meno. Kioo ndicho ghali; ulizeni bei kabla fundi hajafungua.

Na mchele? Hausaidii. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasizike simu iliyolowa ndani ya mchele, kwa vile vumbi lake laweza kuiharibu. Izime, usiichaji, iache penye hewa, na mchele mpike.

Sasa sogeeni mezani wanne wanne, wenye miwani mbele. Mtu asipulize karatasi ya skrubu, tunataka kuirudisha ikiwa nzima.